Walinishukuru Msibani kwa Zahanati Ambayo Sikuijenga

Nimewahi kwenda msibani, watu wakasimama kunishukuru kwa kujenga zahanati.

Sijawahi kujenga zahanati. Sijawahi kujenga hata choo cha jirani.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, na naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunitukana. Mkimaliza, tukaneni tu.

Mimi ni mwanamke ninayefyatua matofali ya saruji. Mtaani wananiita Mama Tofali. Nina mashine moja, wafanyakazi wanne, na uwanja wenye ukuta pande mbili, barabarani kabisa, hatua chache kutoka kwenye taa za kuongozea magari.

Uwanja huo sikuupata kwa kubebwa. Mume wangu alipofariki aliniacha na watoto wawili na mimba ya miezi sita. Nikaenda kubeba zege kichwani kwenye majengo ya watu, na nilibeba mpaka wiki ya kujifungua. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mikono miwili akininyooshea kiganja, damu ilikuwa inanichemka.

Na kwenye zile taa ombaomba walikuwa hawaishi. Taa ikiwa nyekundu, viganja madirishani. Jua likiwachoma wanakuja getini kwangu.

Basi nikabuni dawa yao.

Nilipanga matofali sitini kwenye ukuta wa kushoto. Ombaomba akija namwambia, "Hapa hatugawi, hapa tunafanya kazi. Hamisha yale matofali uyapange ukuta wa kulia, halafu utakula." Kesho akija mwingine, anayarudisha kushoto.

Hayakuwa na kazi yoyote. Yalikuwa mabovu, yenye nyufa, hayauziki. Ulikuwa mtihani tu.

Wengi wakiyaona wanageuza. Mmoja alibeba manne, akasema anakwenda kunywa maji, hajarudi mpaka leo. Mimi na Injini tulicheka mpaka mbavu zikauma. Injini ndiye mwendesha mashine wangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu haongei, ananguruma.

"Umeona, mama?" aliniambia. "Hawa hawana njaa. Hawa wana uvivu."

Nikajiona nimegundua siri ya dunia.

Halafu akaja mzee mmoja.

Alikuwa mwembamba, shati limechakaa lakini limefuliwa, jicho moja limeingia ukungu. Nikamtupia maneno yangu ya kila siku. Hakugeuza. Aliyatazama yale matofali, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Jamani, yule mzee alipanga! Wenzake walikuwa wanarundika tu. Yeye alipishanisha maungio, akanyoosha pembe, akarudi nyuma na kufumba lile jicho bovu apime kwa zima. Nikamuuliza kama amewahi kujenga.

"Miaka thelathini, mama. Jicho lilipoanza kuharibika nikaanguka kutoka juu ya jengo. Tangu hapo hakuna fundi anayekubali nipande."

"Mikono bado unayo," nikamwambia. "Huna sababu ya kuomba."

Nikampa sahani ya chakula cha moto. Alikula nusu, nusu akaitia kwenye mfuko wa plastiki akaenda nayo.

Kesho yake alirudi, nikamwambia ayarudishe kushoto. Akayarudisha. Keshokutwa akayapeleka kulia. Hakuuliza kitu. Injini akasema huenda akili imeshachoka, nami nikaona ni kweli.

Lakini bidii yake ilinigusa. Nikamwekea sharti mbele ya wafanyakazi wote.

"Mzee, nikikaa mwezi mzima sijakuona kwenye zile taa umenyoosha mkono, nakuandika kazi. Utasimamia kupanga na kumwagilia matofali, kwa mshahara. Nikikuona kule hata mara moja, usirudi hapa."

"Mwezi mzima, mama?"

"Mwezi mzima. Nataka nijue kama umeacha kweli."

Akasema sawa.

Niwe mkweli hapa. Nafasi ilikuwepo siku ileile. Mmwagiliaji wangu alikuwa ameacha kazi wiki hiyo, na Injini alikuwa analalamika kila asubuhi kwamba ndoo zinamvunja mgongo. Nilitaka tu huyu mzee aisotee.

Siku moja akiwa kwenye safari zake za ukuta kwa ukuta, akasimama.

"Mama, haya matofali yanajengea nini?"

Injini akanikonyeza. Nikakaza uso.

"Zahanati. Ya mtaa huuhuu."

Injini ilibidi ajifiche nyuma ya mashine ili acheke vizuri. Mzee aliitikia kwa kichwa, akainama, akaokota tofali jingine.

Wiki ya tatu akanifuata ofisini. Ofisi yangu ni kontena lenye meza na feni. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nina shida ya dawa nyumbani. Mke wangu ana sukari, anachomwa sindano kila siku. Naomba unisaidie. Utanikata kwenye mshahara nikishaanza."

Nawaandikia nilichomjibu, neno kwa neno.

"Mzee, umeanza tena kuomba?"

"Hapana, mama. Nimeuliza tu."

"Ni kulekule. Zimebaki siku kumi, jikaze. Mimi nilijikaza na mimba tumboni."

"Samahani, mama."

Akarudi kwenye matofali. Jioni ile nilimpigia dada yangu simu, nikamsimulia jinsi nilivyokataa kumharibu mtu kwa huruma. Nilijisifu kabisa, na dada yangu akanisifu.

Baada ya siku sita, hakuja.

"Si nilikwambia?" Injini akanguruma. "Amerudi kwenye taa huyo."

Nikatoka mbiombio kwenda kumfumania. Hakuwepo. Nikamuuliza mama mmoja anayeomba pale akiwa amekaa chini na mkongojo wake.

"Yule mzee fundi? Mkewe amefariki jana," akasema. "Huku tulikuwa hatumuoni tena. Tulisikia amepata kazi."

Nikamwomba anionyeshe kwao. Akanielekeza, nikaenda.

Ni chumba kimoja mwisho wa uchochoro, viti vya plastiki vimepangwa nje. Niliposema mimi ni Mama Tofali, dada wa marehemu aliinuka na kunishika mikono yote miwili.

"Ni wewe! Ndugu zangu, huyu ndiye yule mama anayejenga zahanati!"

Watu wakasimama. Mimi nimesimama pale, wananipa mikono. Jirani mmoja akasema heri mimi, maana wajawazito wa huku wanajifungulia njiani. Mwingine akauliza itafunguliwa lini. Nikainamisha kichwa, wao wakadhani ni uchungu wa msiba.

Dada wa marehemu akanivuta pembeni.

"Marehemu alikuwa anakutaja kila siku. Aibu ya mume wake kuomba barabarani ilikuwa inamuua. Alipoambiwa mumewe ameajiriwa, tena anajenga zahanati, alilia kwa furaha. Akamwambia mumewe asirudi kwenye taa kutafuta pesa za sindano zake. Wakawa wanachoma nusu, ili dawa ifike mwisho wa mwezi."

"Nusu?"

"Nusu. Wiki hii ya mwisho hata hiyo nusu haikuwepo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alipokuwa ombaomba, mke wake alikuwa anapata dawa. Nilipomfanya mchapakazi, alikuwa anapata nusu sahani ya chakula.

Nilimkuta mzee nyuma ya chumba, amekalia ndoo iliyogeuzwa. Nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nalia, na siombi mnionee huruma kwa hilo.

"Mzee, nisamehe. Kuna kitu sijakwambia. Yale matofali hayajengi kitu. Hakuna zahanati."

"Najua, mama."

"Umejua lini?"

"Siku ya pili. Miaka thelathini nimejenga, nisijue tofali bovu? Na uliniambia niyarudishe nilipoyatoa."

"Sasa kwa nini uliniuliza yanajengea nini?"

Alipojibu, sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mke wangu alikuwa ananiuliza kila nikirudi. Sikuweza kumwambia nahamisha matofali mabovu watu wacheke. Nilitaka unipe neno la kumpelekea. Ukanipa zuri."

"Na kwa nini hukuondoka?"

"Uliniahidi kazi, mama."

Nikamwambia kazi ipo. Aanze kesho, aanze leo, mshahara nimpe wa mwezi uliopita na unaokuja. Nilikuwa naropoka kama mgonjwa wa homa. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa maneno, kisha akaniuliza, na aliuliza kweli, alitaka jibu:

"Ya nini sasa?"

Mpaka naandika hapa jibu hilo sijalipata.

Alirudi kwenye taa. Nilimfuata mara tatu na ofa ya kazi, mara zote akanishukuru na kukataa. Mara ya nne nilikwenda na gari la mizigo nikiwa nimekaa mbele, nikamnyooshea pesa dirishani. Alinitazama usoni, akanitambua vizuri tu. Akapokea.

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Ni sauti ileile aliyomshukuru nayo dereva wa mbele yetu. Kisha akahamia gari la nyuma.

Sasa najua kuna watakaoniandikia hapa kwamba ombaomba wengine ni matapeli. Wapo, hata mimi niliwaona. Lakini aliyenijia mlangoni na kofia mkononi hakuwa tapeli, na alinitajia shida yake kwa jina, nikamjibu kwa hadithi ya mimba yangu.

Mtu akikwambia ana shida, muulize ni shida gani, na uanzie hapo. Ukiwa na kazi ya kumpa, mpe leo. Mimi nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, nikaifanya zawadi ya mwisho wa mwezi.

Mke wake hakuufikia mwisho wa mwezi.