Sproketi ya Bwana Harusi

Inatangazwa kwa taadhima kubwa, kwa wakazi wote wa Msambweni, Diani na viunga vyake, waliokaa na waliosafiri, kwamba Hashim Mwinyihaji, mtoto wa watu, alichagua mwenyewe, kwa akili zake timamu na bila kushikiwa panga, sproketi na tairi za chombo kilichompeleka kwa mkewe.

Chombo chenyewe ni kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Hashim alikuwa akila kwa hiyo huko Diani: anatangulia mbele, wageni wanamfuata kwa msururu wakipita kwenye mashamba ya watu, kelele juu, vumbi juu. Ukweni alisema yuko "kwenye utalii", akakohoa, akabadilisha mazungumzo. Lakini Mzee Mbarak, baba yake Muhsina, binti aliyeposwa na Hashim, hakuwa mtu wa kubadilishiwa mazungumzo.

"Huyu si ndiye anayetia vumbi nguo za watu kwenye kamba?" aliuliza siku ya posa, mbele ya wazee wote. Akakubali, ila kwa neno moja: "Mali sitaki. Nataka nimwone ana utulivu."

Neno lile lilimkaa Hashim kooni kama mwiba wa samaki changu. Mtu mwingine angekodi gari, akapanda nyuma, akatulia. Hashim aliona dawa ya aibu ni kuing'arisha. Alikuwa na kwadi yake binafsi, nyekundu, ya mashindano, aliyoachiwa na mgeni aliyehama. Akaamua ndiyo itakayompeleka kutoka msikitini hadi nyumbani kwa akina Muhsina. Waione wakweze, waseme kumbe!

Akaipeleka Ukunda kwa Ndambuki, fundi aliyependa mwendo kuliko alivyopenda chakula.

"Boss, unataka ivute ama ipae?" Ndambuki akauliza.

"Tofauti yake nini?"

Ndambuki akamwonyesha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Ukipunguza meno ya mbele, kwadi inavuta kama ng'ombe lakini haina mbio. Ukiyaongeza, inakimbia hadi machozi yakutoke, ila kuondoka polepole haitaki.

"Ipae," Hashim akasema.

"Sasa hiyo ni lugha! Na tairi?"

Kulikuwa na tairi laini za lami, na kulikuwa na nyingine za matope, zenye vipande vilivyosimama kama kashata kwenye sinia. Njia ya ukweni ilikuwa na madimbwi. Hashim akachukua za kashata. Pia zilitoka vizuri kwenye picha.

Wakaenda kuijaribu. Walijaribu mbio. Walijaribu kona. Walijaribu breki. Walijaribu kupiga picha. Hakuna aliyejaribu kwenda mwendo wa mtu mzima anayeimba.

Siku ya ndoa, Hashim alitoka msikitini ameshaozwa, kilemba kichwani, joho jeusi la ami yake limemshuka hadi visiginoni. Akapanda kwadi yake. Wapiga matari wakajipanga pembeni, nyuma wakasimama wazee wa pande zote mbili, Mzee Mbarak katikati, kanzu yake nyeupe hadi inaumiza macho. Matari yakaanza. Kaswida ikapaa. Msafara ukapiga hatua moja, ukayumba, ukapiga ya pili, kama ilivyo ada ya watu wasio na haraka ya kumfikisha bwana harusi.

Kwadi ikaruka mara moja, ikazima.

Matari yakanyamaza. Yakaanza tena. Ikaruka, ikazima.

"Bwana harusi, shuka tukubebe!" mtu akapiga kelele, na vijana wakacheka. Hashim akahisi masikio yanawaka chini ya kilemba. Ndambuki, aliyealikwa na kuja na shati jipya, akawa anaangalia minazi.

Mara ya tatu Hashim akaona heri kelele kuliko kuzima. Akatia moto wote. Tairi za nyuma zikashika dimbwi, zikachota, zikarusha. Alisikia nyuma yake matope yakitua, pwa! kisha sauti moja ya mtu mzima ikisema, "Lahaula."

Angeweza kusimama. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: breki zilikuwa nzima. Lakini kusimama kulitaka ageuke, na kugeuka kulitaka aitazame ile kanzu. Akaona bora aende. Na sproketi, kwa kweli, ilifanya kazi yake kama fundi alivyoahidi.

Aliingia uwanjani kwa akina Muhsina peke yake, na hapo hapo kitu kikamvuta mgongoni, shingo ikarudi nyuma, injini ikafa. Mwanafatuma, shangazi wa bibi harusi, alitoka mbio na mrashi wa maji ya waridi mkononi, mdomo ukiwa tayari kwa vigelegele. Akaufunga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Watu wako wako wapi?"

"Wako nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Wanatembea."

"Na wewe?"

"Mimi nimefika."

"Hilo naliona."

Dirishani pazia likasogea. "Ni yeye?" ikauliza sauti ya Muhsina.

"Ni yeye."

"Amekuja na nani?"

"Na pikipiki."

Wanawake wakajaa mlangoni. Wengine walikuwa bado wanafunga leso. Mtoto mmoja akauliza kama huyu ndiye aliyeleta soda. Shangazi akamkaribisha ashuke, akae kivulini. Hashim akasema ahsante, yuko sawa hapo. Akakaribishwa tena. Akasema ahsante, amezoea jua. Jasho lilikuwa linamchuruzika hadi kwenye ndevu alizozichonga kwa ajili ya leo.

Kisha msafara ukafika, kimya, matari yamebanwa kwapani. Watu wakapasuka katikati kumpisha Mzee Mbarak. Kanzu yake ilikuwa na matope kuanzia kifuani hadi chini, na alitembea nayo taratibu, bila kuyafuta, kama mtu aliyebeba ushahidi. Akasimama mbele ya mkwewe.

"Hashim mwanangu," akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. "Nilitaka utulivu, nawe nakuona hapo umetulia. Hujashuka kwenye chombo, hujanipa mkono. Watu wote hawa wametembea kwa ajili yako. Mimi nimekupa mtoto wangu. Nadhani una neno la kutuambia."

Hashim akamtazama mkwewe, akaitazama kanzu, akainamisha kichwa.

"Joho limeingia kwenye cheni," akasema. "Nisukumeni nyuma kidogo."