Mstari Ambao Mizani Hakuuandika

Shemeji yangu hakuwahi kununua kitu bila kukilinganisha na kingine. Hata ufagio. Alisimama dukani na fagio mbili mikononi, akapima mipini, akachungulia nyuzi zilizoanza kulegea, akamhoji mwenye duka mpaka wateja waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. Dada yangu, mkewe, alimkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma, naye akajibu kwamba asiyechagua kabisa huipata koroma mapema zaidi. Kazini walimwita Mizani. Jina likamkaa, nasi nyumbani tukalichukua, na dada alipokuwa na furaha ndilo alilomwitia.

Alikuwa fundi wa mitandao katika chuo cha ufundi ambako mimi ni karani wa mapokezi. Chumba chake kiko chini ya ngazi, hakina dirisha, kina feni inayolalamika na nyaya zilizofungwa kwa vipande vya vitambaa. Vitambaa vile vilitoka kwa dada, ambaye alifundisha ushonaji ghorofa ya pili kwa miaka mingi, mpaka uti wa mgongo ulipomwangusha. Miguu ikawa haimsikilizi tena. Chuo chetu hakina lifti, na sisi tulidhani ndiyo basi, mwalimu ameshakuwa mgonjwa wa kuletewa matunda.

Mizani ndiye aliyekataa. Chuo kilikuwa na mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao hakuna aliyeujali, akamfungulia dada darasa humo. Akakunja waya wa kuning'inizia nguo, akautengeneza kuwa kishikio cha simu, akakifunga kwenye meza ya kushonea karibu na dirisha ili kamera iangalie mikono ya dada kutoka juu. Dada alishona kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, kila tundu la sindano lionekane. Wanafunzi waliingia kila mmoja kwa jina lake na nywila yake. Wakimaliza somo waliweka alama, wakatuma picha ya kazi yao, na chini ya picha dada aliwajibu.

Hapo ndipo alipopona sehemu ya ugonjwa ambayo daktari hakuwa na dawa yake. Alijua nani amevuka somo la mikono ya gauni na nani amekwama kwenye zipu. Kulikuwa na mama mmoja wa mapacha ambaye kola zilimshinda kabisa; zilisimama kama masikio ya mbuzi. Dada alimwambia afumue, akafumua. Afumue tena, akafumua tena. Siku kola ilipolala, dada alinipigia simu kazini kunipa habari, na mimi, nikiwa na foleni ya watu mbele yangu, nilishangilia kola ya mtu nisiyemjua. Tukila pamoja alituletea habari za wanafunzi wake utadhani wako chumba cha pili wanaosha mikono.

Kisha mkurugenzi akataka chuo kizima kiwe na mfumo mmoja tu.

Haikuwa hoja ya kijinga, na sitaki kumsingizia. Tovuti yetu ilikuwa aibu. Idara ya useremala ilikuwa na picha za wanafunzi waliokwisha kupata wajukuu, ya umeme ilitangaza nafasi zilizofungwa zamani, na kila idara ilijipaka rangi yake. Kampuni moja ilikuja kuonyesha mfumo mkubwa wa kuendesha tovuti, wa aina inayotumiwa na mashirika makubwa. Mtu wa idara anaandika, mwingine anakagua, mwingine anaidhinisha ndipo habari itoke. Toleo la zamani la kila ukurasa linahifadhiwa. Sura ni moja kote. Na masomo, walisema, yanaweza kuwekwa humo humo kama kurasa nyingine, pamoja na video zake. Kulipia mifumo miwili ilikuwa haiwezekani. Mkurugenzi akamwagiza Mizani ailinganishe, mfumo wa masomo na mfumo wa tovuti, aipe alama, alete jedwali kikaoni.

Ilikuwa kama kumrudisha samaki majini. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa utamu ule. Alijaribu kuingia katika mifumo yote miwili kwa simu mbovu na kwa kompyuta nzuri. Alizima umeme makusudi aone upi utapoteza maandishi yake. Alimwita mlinzi wa getini, akamkalisha, akamwambia atafute ada ya kozi ya uashi, akamtazama anavyohangaika bila kumsaidia. Usalama, lugha, kasi, kuidhinisha kurasa, kuhifadhi matoleo, mafunzo kwa wafanyakazi, kila jambo likapata mstari wake na alama zake. Nyumbani hakusema neno juu ya kazi ile, na dada hakumuuliza. Alimwamini. Mume wake ndiye aliyeujua mfumo wa masomo kuliko mtu yeyote pale chuoni. Nani angeutetea vizuri zaidi?

Siku ya kikao mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu. Jedwali likawekwa ukutani kwa projekta, nikalisoma kuanzia juu hadi chini huku kalamu yangu ikisubiri. Nilitafuta mstari wa mwalimu na mwanafunzi: mahali pa kuuliza na kujibiwa, kujua nani amefika wapi. Haukuwepo. Mfumo wa masomo ungezoa alama zote za mstari huo, kwa sababu ule wa tovuti hauna kitu hicho. Wenyewe unahesabu tu kwamba ukurasa umefunguliwa. Aliyeufungua ni nani, ameelewa au amekwama, haujui na hauna shughuli naye.

Bila mstari ule, mfumo wa tovuti ulishinda kwa alama chache.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliwauliza wajumbe kama wana la kusema, wakatikisa vichwa, maana wengi wao hawakuwahi kufundisha mtandaoni hata somo moja. Kisha akamgeukia Mizani akamuuliza kama kuna jambo lolote lililoachwa nje ya jedwali. Nikakohoa. Mizani hakunitazama. Alitazama ukuta, jedwali lake lote lile lenye mistari iliyonyooka, akasema hapana, hakuna.

Mimi si mtu wa subira, nasema mapema. Nilimngoja chini ya ngazi nikamuuliza kama amerogwa. Akafunga mlango wa kile chumba chake, akakaa, akajifuta uso kwa leso.

"Shemeji, humu chuoni mwalimu anayefundisha kwa mfumo ule ni mmoja tu," akasema. "Ningeuandika mstari ule, wangesema natetea nyumba yangu. Umesahau fundi wa jenereta alivyofukuzwa kwa kumpa ndugu yake kazi?"

Nikamwambia fundi wa jenereta aliiba, yeye angesema kweli. Akasema kweli ikitoka kwenye mdomo wa mume wa mtu hainukii vizuri. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, lakini sijawahi kusikia kinyozi anayewanyoa watu wote vizuri kisha akamkata mkewe sikio. Hakucheka. Nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika, lakini nilimwacha aseme. Alikuwa ameuandika mstari ule mwanzoni, akaniambia, kisha akaufuta, na tangu aufute hajapata usingizi wa maana.

Jioni ile alimweleza dada kwamba chuo kimechagua mfumo mwingine. Nilikuwepo, nakunja nguo. Dada aliuliza kama mfumo wake umeshindwa vibaya. Mizani akasema kwa alama chache tu. Dada akaitikia polepole, akauliza wanafunzi wake watamwulizia wapi maswali. Mizani akajibu kwamba sehemu hiyo itakuja awamu ya pili. Ndivyo kampuni ilivyosema kweli. Awamu ya pili ni kama mgeni aliyesema yuko njiani. Mpaka leo tunamwekea chakula.

Mfumo wa masomo ukafungwa. Dada aliwaaga wanafunzi wake kwa ujumbe mmoja, akawaambia masomo watayakuta kwenye tovuti mpya, na wasione aibu kufumua. Mama wa mapacha alimjibu kwa picha ya gauni zima. Dada hakuwa amechukua namba ya simu ya mwanafunzi hata mmoja. Hakuona haja, darasa lilikuwepo. Wiki iliyofuata mlango wa darasa lile haukufunguka tena kwa mtu yeyote.

Masomo yakahamia kwenye tovuti, na nikiri kwamba yalipendeza. Herufi zimepangwa, picha ya dada imewekwa pembeni, rangi ya chuo juu. Mizani akamwekea kwenye simu yake sehemu inayoonyesha kila ukurasa wake umefunguliwa mara ngapi kwa siku. Nadhani alifikiri itamfariji. Mwanzo ilionyesha namba ndogo, kisha sifuri, na sifuri ikakaa. Nani atafute somo la kola kwenye tovuti, katikati ya matangazo ya zabuni?

Dada akaanza kuchelewa kuamka. Kishikio cha simu kikashika vumbi. Aliacha kukata kucha, yeye ambaye mikono yake ndiyo uso uliojulikana na wanafunzi.

Halafu namba zikapanda. Si sana, lakini kila siku ya kazi kulikuwa na watu, asubuhi wachache, mchana wachache. Dada akachangamka. Akaniomba nimletee kitambaa cheusi, akarekodi somo jipya la mifuko, na siku hiyo akamwita mumewe Mizani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilimwona shemeji akiinamisha kichwa kwenye sahani. Kazini nilikuwa nimeshamkuta kwenye kompyuta ya maktaba, kisha kwenye ya mhasibu, akisingizia kuzikagua. Nilijua anachofanya. Sikuwa na moyo wa kumkataza.

Kisha mafua makali yakamlaza Mizani nyumbani kwa siku kadhaa. Niliwapelekea supu mchana mmoja nikamkuta kajifunika shuka mpaka shingoni kwenye kochi, na dada kwenye kiti chake karibu na dirisha, simu mapajani. Dada hakunisalimia kwanza, kitu ambacho si kawaida yake.

"Mume wangu, tangu uugue hajaja mtu," akasema.

Mizani akaanza kusema kwamba huenda ni mtandao. Dada akamwambia asiseme hivyo. Akamuuliza kama ni yeye. Macho ya Mizani yakajaa maji, na si ya mafua. Dada akamuuliza swali la pili, kwa sauti ile ile ya kufundishia, isiyopanda: kwenye jedwali lake aliuandika mstari wa maswali na majibu?

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukupendelea."

Niliweka bakuli la supu mezani. Nilitaka kutoka nikashindwa, mlango ulikuwa upande wao.

"Mimi nilikuwa mwalimu kabla sijawa mke wako," dada akasema. "Ulimtazama mke, ukamfuta mwalimu. Na wale watu wote waliokuwa mle ndani, kina mama wa mapacha, wao walikuwa ndugu zako?"

Mizani alilia waziwazi, kama mtoto, na dada hakumnyamazisha. Baadaye alimwomba kitu kimoja tu, asiufungue tena ukurasa wake. Namba iwe vile ilivyo. Mizani akakubali. Alipopona alimwandikia mkurugenzi, akaeleza jambo alilolificha na sababu yake. Mkurugenzi alimwita, akamsikiliza, akasikitika kweli, akamwambia mkataba umeshatiwa saini na mfumo wa zamani umeshafutwa pamoja na kila kilichokuwemo. Akaahidi kuisukuma ile awamu ya pili. Tangu siku hiyo Mizani hanunui kitu. Hata sabuni ananituma mimi, nichukue yoyote.

Nyumbani wanaishi kwa adabu. Asubuhi anambeba dada kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, anamwekea simu karibu, anakwenda kazini. Dada anaangalia namba mara moja, anaona sifuri, anailaza simu kifudifudi. Hapigi tena hadithi wakati wa kula.

Jana, nikiwa na watu mbele yangu, alinipigia. Akaniuliza shemeji yako yuko wapi. Nikasimama nikachungulia: mlango wa chini ya ngazi ulikuwa umefungwa, yeye yuko juu ya dari ya karakana tangu asubuhi anavuta nyaya, hana hata simu mfukoni. Nikamwambia.

"Na wewe, mdogo wangu? Ni wewe?"

Nikamwambia siyo mimi, na ilikuwa kweli.

"Kuna mtu amefungua somo la kola," akasema. "Namba imekuwa moja, kisha mbili. Amelifungua, akatoka, akalifungua tena. Amekwama mahali."

Nikamuuliza ni nani. Swali la kipumbavu, lakini lilinitoka. Nikasikia kiti cha dada kikigonga meza, labda alikuwa anajaribu kuisogelea.

"Hakuna pa kumjibu," akasema, akakata simu.