Moshi wa Mchana

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hunirudisha Makambako, kwenye jiko letu la nje, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni nasi watoto tukavaa masweta yanayofika magotini. Baba alikuwa dereva wa lori, hakai nyumbani. Aliyenilea ni mama yake, bibi yangu, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita. Vita yenyewe hakuwa akiisimulia.

Bibi alikuwa na kituko chake. Kuni za miwati, ile miti inayopandwa kwetu, zikiwa mbichi, moshi ukapanda juu ya paa mchana, alikuja mbio na ndoo akazima moto, ugali haujaiva. Juni ya Makambako mnaijua? Baridi inaingia mpaka mifupani, na sisi tunakula ugali mbichi. Jirani yetu, mama mmoja wa Kibena, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona aibu, tena aibu kweli.

Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alituagiza tutunge shairi. Nikamtunga bibi:

Bibi yangu agombana na moshi wetu jikoni,
Ukipaa tu mchana, ndoo yake mkononi.

Darasa zima lilicheka. Kwa kujiona kwangu nikaenda kumsomea mwenyewe, akiwa anachambua maharage. Hakucheka. Aliniomba nirudie, kisha akasema taratibu, "Umetunga vizuri, mjukuu wangu. Ila Hadija hukumtaja."

Nikamwambia Hadija ni mimi.

"Wa kwanza," akasema.

Ndipo nikajua nilikuwa na shangazi, na kwamba jina langu lilikuwa lake. Walikuwa wamejificha porini, yeye ana miaka saba. Asubuhi moja bibi alimwashia moto wa kuni mbichi, akaenda mtoni kuchota maji. Ndege ya mabomu ikauona moshi. Bibi alirudi mbio, ndoo imejaa.

"Alisema anasikia baridi," akaniambia. "Ningefanyaje?"

Niliichana ile karatasi. Yeye akaokota vipande, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa mtoto. Bibi hakuwa na ugomvi na moshi. Kila alipokimbia na ile ndoo alikuwa anamwahi Hadija, na Hadija ndiye mimi niliyekaa pale nimenuna kwa ajili ya ugali. Inaniuma kwamba sikumshukuru. Siku hizi binti yangu akisema anasikia baridi namwashia moto, kisha natoka nje kutazama juu.