Kiti Chenye Mikono

Juma lililopita niliingia katika kibanda cha filamu pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikasimama nyuma kwa kuwa benchi zilikuwa zimejaa. Filamu ilihusu mabwana wa kale wa Ulaya wanaotiliana sumu, kila mmoja akitaka kuketi karibu na malkia. Mfasiri, kipaza sauti mkononi, alitueleza kwa Kiswahili cha huku mpakani.

Mbele kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki chenye mikono, ambacho kwa desturi hukaliwa na askari mmoja wa kambini. Siku hiyo alikikuta kimekaliwa na mfanyabiashara wa kahawa, aliyekuja na baba mkwe wake mtarajiwa.

“Toka. Hii kiti ni yangu.”

“Afande, kiti iko na jina? Mukwe wangu anaona.”

Askari alifungua mshipi wake polepole, akauzungushia mkononi. Mkwe akainamisha macho. Hakuna aliyetafuna karanga tena.

Mfasiri, aliyewaona, akapaza sauti: “Muone ile kiti ya karibu na malkia! Wa kwanza alikaa, akakufa. Wa pili alikaa, akakufa. Na wengine bado beko wanaipigania!”

Kwenye skrini wakati huo palikuwa na farasi tu.

Kibanda kizima kikacheka. Mfanyabiashara akasimama. “Karibu, afande.”

“Hapana, muzee. Kaa wewe.”

Wakabanana kwenye benchi, mkwe katikati. Kiti kilibaki kitupu hadi mwisho. Mimi, niliyesomea hesabu chuo kikuu, nilikadiria uwezekano wa kiti cha plastiki kuua mtu, nikapata sifuri, nikaendelea kusimama.