Alama za Chaki za Moyo Unaoruka

Harufu ya mafuta ya cherehani ndiyo inayonirudisha Noonkopir, kwenye kibanda cha mabati ambamo mama alishona sare za shule huku vumbi la Kitengela likipenya chini ya mlango. Kiangazi kimoja nilikuwa darasa la sita, na moyo wangu ulifanya kama cherehani yenye sindano iliyopinda: ulipiga sawasawa, kisha ukaruka mshono mmoja na kurudi kwa kishindo. Nilipokaa chini katikati ya mbio, wenzangu waliniita Redio Mbovu. Mwalimu wa michezo alisema dawa yangu ni kuongezewa raundi. Mhudumu wa zahanati alisema ni woga. Huyo ndiye aliyenikasirisha zaidi, kwa sababu niliogopa vitu vingi, lakini mbio hazikuwamo.

Mama, Mkamba asiye na maneno mengi, alinipa chaki yake ya kuchorea vitambaa na karatasi ya kaki. "Moyo ukiruka, weka alama. Usibishane na mtu." Kwa wiki tatu niliweka alama, na kando ya kila moja nikaandika nilichokuwa nikifanya. Nyingi zilikuwa za Jumapili, nimekaa karibu naye nikifumua mishono, nimetulia kabisa. Tukaikunja karatasi, tukaenda hospitali ya Kajiado.

Daktari hakuitazama. "Mama, huyu anakwepa mbio tu."

"Msikize tena," mama akasema. "Yeye mwenyewe atakuonyesha."

Daktari akaniwekea kifuani kipimo cha kusikilizia moyo. Nikafumba macho. "Hapo," nikasema. "Hapo tena." Mara ya tatu tulisema pamoja, mimi na yeye. Akatoa kipimo masikioni, akaomba karatasi.

Alituchorea mlango wa moyo, yaani vali, ambao badala ya kufunga barabara hubonyea kuelekea chemba ya juu na kuvujisha damu nyuma. Baadaye, kwa vitabu vya mitumba, nilijifunza kwamba kubonyea huko huvuta nyuzi zinazoshikilia vali, na misuli inayovutwa inaweza kurusha mapigo kabla ya zamu yake. Si kila mwenye vali hiyo hupata hayo. Mimi nilipata. Mama alipeleka barua ya daktari shuleni, akamwambia mwalimu wa michezo: "Zile raundi zake, kimbia wewe."

Leo kibanda kile ni ghorofa, nami ni mama wa makamo, na mwezi uliopita nilibandikwa kifuani kifaa kilichorekodi kila pigo kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Zamani tulikuwa na chaki tu. Sasa kuna mashine, lakini kuaminiwa bado hakuji na mashine. Daktari kijana aliniambia, kabla hajafungua matokeo, "Mama, umri wako unaleta wasiwasi, punguza mawazo." Nikatoa karatasi mpya ya kaki, yenye saa na alama nilizoweka siku ile ya kifaa, nikaiweka juu ya kompyuta yake.

"Linganisha na mashine kwanza," nikasema. "Mawazo utanipunguzia baadaye."

Alama ya kwanza ililingana. Ya pili ikalingana. Kwenye ya tatu akavuta kiti, akakaa.