Jani la Sale Mkononi mwa Mzee Loshoro

Kila Jumamosi Elieshi alimpiga Najim mbele ya watu, na watu walivaa nguo zao nzuri kwenda kutazama.

Fimbo ilikuwa ya kweli, ya mzeituni pori. Najim alijifunga gunia mgongoni chini ya koti, lakini kichwa na vidole vilibaki wazi, na mara nyingine alishuka jukwaani akitema damu kwenye leso. Ukumbi wa Sokon I ulipenda zaidi siku za damu. Akina mama waliokuja kumuaga bibi harusi walishikana mabega wasianguke kwa kicheko.

Bendi yao iliitwa Mgombani. Lesikar alipiga kinanda, Najim gitaa, Resiato aliimba na kuigiza mke, na Elieshi alikuwa Mzee Loshoro, mkulima mkali wa mlimani mwenye koti la zamani na kofia iliyoliwa na nondo. Waliimba Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kimeru, habari za ng'ombe walioingia shamba la watu, za maji ya mfereji, za bibi anayeficha maziwa ya mgando chini ya kitanda. Watu walioshuka mlimani miaka mingi iliyopita na kujifanya wamezaliwa mjini walisikia sauti za nyumbani kwao zikitoka kwenye spika kubwa, wakalia machozi. Jambo hilo lilikuwa jema. Lafudhi ile ilikuwa imechekwa mashuleni na maofisini, na Mgombani waliirudishia heshima yake. Siwanyimi sifa hiyo.

Siku za kazi Elieshi alichomelea mageti katika karakana ya Ngarenaro. Alizaliwa juu ya Tengeru, kwenye kihamba cha ndizi na kahawa, mtoto wa pili wa baba aliyepiga watu kama anapura maharage. Alimpiga mama yao, Anande. Alimpiga Manase, kaka mkubwa, mpaka sikio moja likaacha kusikia. Elieshi aligundua mapema kwamba baba akishatoka, yeye akivaa koti lake na kutembea kama yeye, akinguruma kama yeye, mama na kaka wataacha kulia na kuanza kucheka. Huko ndiko Mzee Loshoro alikotoka. Ukumbi mzima ulikuwa ukimshangilia marehemu baba yake bila kumjua.

Sasa nieleze kilichowaharibia. Katika mchezo wao uliopendwa kuliko yote, ng'ombe wa jirani, yaani Najim, amekula mgomba. Mzee Loshoro anamtandika jirani mpaka analala chini. Halafu anajuta, anachomoa jani la sale kwenye ukosi wa koti, anapiga magoti, anainua mkono na kusema, "Jirani, nimekosa, pokea jani." Jirani anainuka alipokee. Akishanyoosha mkono tu, Mzee Loshoro anamtwanga tena. Walirudia hivyo mara nyingi kadiri ukumbi ulivyotaka, na ukumbi ulitaka kila mara.

Anayetoka mlimani hahitaji kuambiwa sale ni nini. Ni mmea wa mpaka, umezunguka kila kihamba. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kulikataa, hata kama umemwaga damu ya mtoto wake. Akilipokea, kisasi kimekufa. Elieshi alijua hayo kuliko wengi. Alipokuwa mdogo, baba yake alimkata jirani panga la bega kwa ugomvi wa maji, na nyumba mbili zilikuwa zimeshanoa vyuma. Babu alivuka mpaka na jani moja mkononi, na watu wakalala.

Mama Anande aliuona mchezo huo siku alipoleta ndizi mjini. Mke wa Elieshi, Kandida, alimwonyesha kwenye simu akidhani atafurahi. Mama alitazama mpaka mwisho, akairudisha simu.

"Elieshi, hilo jani litoe kwenye mchezo."

"Mama, ni vichekesho. Hakuna anayeumia."

"Najim anaumia."

"Najim analipwa."

"Na jani, linalipwa na nani?"

Elieshi alimjibu kwa sauti ya Mzee Loshoro, akikunja uso na kutafuta fimbo hewani. Kandida alicheka. Mama yake hakucheka, na huyo ndiye aliyekuwa amechekeshwa na sauti hiyo kwanza kuliko watu wote.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Mfereji ulikuwa na maji ya kulowesha nyayo tu, na watu walikwenda zamu kushika maji wakiwa na majembe. Siku moja zamu ilikuwa ya Elimringi, mtoto wa yule jirani aliyekatwa bega. Manase alifungua maji yaingie kwake kabla zamu haijaisha. Alikuwa na makosa, na nasema wazi, njaa ya migomba si udhuru wa kumwibia mwenzako. Elimringi alikuja kuyafunga. Walisukumana, wakashikana kooni, wakaangukia mferejini. Manase aliposhika jembe alilipeleka usoni kwa mpini, akarudia, na taya la Elimringi likavunjika mara mbili. Maji machache yale yaliteremka kwa majirani yakiwa mekundu.

Elimringi alirudi kutoka hospitali akiwa amefungwa kichwa kama mtoto anayeumwa jino, hawezi kusema. Wanawe wawili, Ebenezer na Allen, ndio walioanza kumsemea. Walikata migomba ya mpakani. Walimchinja mbuzi wa Manase na kumtundika kwenye mti wake wa kahawa. Kisha Ebenezer akasimama njia panda na kusema kwamba Manase hatavuna kahawa hiyo, na wote waliosikia walijua si kahawa anayoizungumzia.

Mama Anande aliwatuma watu Ngarenaro wamwite Elieshi, apeleke jani.

"Usiende wewe," Kandida alimwambia mumewe. "Aende mchungaji. Nenda polisi."

"Polisi watamkamata Manase leo, na kesho wale vijana watamngoja arudi. Jani linapelekwa na mwanamume wa nyumba ambaye hakukosa. Baba amekufa. Nani mwingine yupo?"

"Wewe, wamekuona ukifanya nini na hilo jani?"



Elieshi alipanda mlimani asubuhi. Mama alikwishakata jani na kulifunga fundo, akamkabidhi. Manase alikuwa amekaa jikoni na panga magotini. Alimwambia mdogo wake kwamba akisikia kelele atakuja na wote watakufa. Elieshi alilichukua lile panga, akalitupa juu ya dari, akavuka mpaka mikono mitupu ila jani.

Uwanja wa Elimringi ulikuwa umefagiliwa. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda, kitambaa kimezunguka taya. Ebenezer alikuwa akinoa panga la kukatia majani ya ng'ombe, Allen ameegemea ukuta na fimbo. Watoto wa nyumba walipomwona mgeni walianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

"Mzee Loshoro amekuja," alisema mmoja wao.

"Shikamoo, baba Ebenezer," alisema Elieshi.

Elimringi alimtazama tu.

"Kaka, umeleta na Najim?" Allen aliuliza. "Au leo tupigwe sisi?"

"Allen, sikuja kucheza."

"Hata Jumamosi huwa unasema hivyo."

Elieshi alipiga magoti. Alitaka kutafuta maneno mengine, lakini ya kupelekea jani ni hayohayo, hakuna mengine. Aliinua mkono wenye jani na kusema, "Jirani, tumekosa, pokea jani." Ilitoka sauti ileile. Watoto walianguka kwa kicheko. Allen alikuwa ameuona mkono huo ukiinuka mara nyingi kwenye simu, na alijua unashuka vipi. Hakungoja. Fimbo ilimpata Elieshi juu ya jicho.

"Baba yangu hawezi hata kunywa uji, na wewe unamletea sinema," alisema Ebenezer.

Akaja na panga.

Elieshi alikuwa angali ameinua mkono. Panga lilipita kwenye vidole viwili vya mwisho, vikaanguka pamoja na jani. Kicheko cha watoto kilikatika. Aliinama, akaliokota jani kwa mkono mwingine, akaliinua tena. Allen akampiga mbavuni, ukasikika mfupa ukivunjika. Akaliinua tena. Kulikuwa na jembe limeegemezwa kwenye mgomba, karibu na goti lake, na Elimringi na wanawe walikuwa wameliona. Walikuwa wakingoja kile kinachofuata, kipigo cha Mzee Loshoro baada ya jani. Ebenezer alimkanyaga kifua, akampiga uso kwa ubapa wa panga, akamwambia, "Haya, chukua. Maliza mchezo wako." Elieshi alijaribu kusema, damu ikajaa kinywani. Jembe lilibaki pale lilipokuwa.

Ndipo Elimringi aliposimama. Alimsukuma Allen kwa bega. Hakuweza kusema, wala hakuwa na haja. Aliinama juu ya mtu aliyelala, akachukua jani lililoloa kutoka kwenye mkono wake uliosalimika, akalishika mbele ya macho ya wanawe mpaka Ebenezer akaweka panga chini. Manase, aliyekuwa amefika mpakani na jiwe, alilitupa jiwe mferejini na kukaa chini.

Kisasi kilifia hapo. Mbuzi wa mapatano alichinjwa baadaye, na Manase alivuna kahawa yake. Watu husema jani lilifanya kazi. Mimi nasema jani lile halikuwa na nguvu tena lilipovuka mpaka, nguvu yake ilikuwa imemalizwa Sokon I Jumamosi kwa Jumamosi. Ilibidi mtu alipake damu yake ndipo litambuliwe. Babu yake alilipeleka likiwa kavu.

Elieshi alipopona, Lesikar alimwomba arudi, na alirudi, kwa sababu mkono ule haukuweza tena kushika vizuri chuma cha kuchomelea. Waliimba wimbo wa bibi na maziwa. Waliimba wa ng'ombe. Kisha mtu wa meza ya wakwe akaita, "Mzee Loshoro, tupe sale." Meza nyingine zikapokea. Najim, kwa mazoea, akalala chini.

Elieshi alisogea kwenye maikrofoni.

"Hiyo hatuchezi tena," alisema. "Nililipeleka kwa jirani. Tazameni nilivyorudi." Akainua mkono wenye vidole vitatu.

Alisema kwa lafudhi ya mlimani, maana nyingine hana. Ukumbi ulilipuka. Walidhani amekunja vidole, ni ufundi mpya. Alingoja wanyamaze, hawakunyamaza. Resiato aligeuza uso ukutani. Elieshi akaiweka fimbo chini, akashuka, akapita katikati ya meza kuelekea mlangoni. Walimpisha huku wakipiga makofi, na mwanamume mmoja aliyevaa suti akamvuta koti kwa nyuma, kisha akamchapa kofi la kisogo, aone kama atageuka ampige.

Hakugeuka.