Uzi Mweusi kwenye Jezi Nyekundu

Mwalimu wa historia alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa kwenye cherehani dukani kwangu Nyeri, naunganisha kola za sare za shule. Sauti yake ilijaa furaha.

"Tumempata," akasema. "Yule beki wa kushoto aliyevaa namba tatu. Ako hai, anaishi Kerugoya. Jumamosi atakuja mwenyewe, na ati anataka kuishika hiyo jezi kwa mikono yake."

Nilimwambia ni habari njema sana. Nilipokata simu nikaona kola niliyokuwa nayo nimeishona ikiwa imepinduka.

Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye duka na wajukuu wawili, na bado niliogopa kama msichana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Jezi ambayo mzee wa Kerugoya alikuwa anakuja kuishika haikuwepo. Iliyokuwa ndani ya sanduku la baba tuliishona mimi na mama.

Baba alikuwa mtunza jezi wa timu ya taifa kwa miaka mingi. Hakuwahi kucheza. Kazi yake ilikuwa kufua, kupiga pasi, kushona palipofumuka, na kuhakikisha kila mchezaji anaingia uwanjani na namba yake mgongoni. Timu ilipopata jezi mpya, zile kuukuu waligawiwa wafanyakazi, na kila mara baba alichagua moja tu, ya nyumbani, ile nyekundu. Za ugenini hakuzitaka. "Ya nyumbani ndiyo watu wetu wanatuona nayo," alikuwa akisema.

Alizihifadhi kwenye sanduku la bati nyumbani kwetu Gakindu. Ya kwanza ilikuwa ya pamba nzito, nyekundu kama buni iliyoiva, yenye kola nyeupe na nembo iliyoshonewa kifuani. Ikinyeshewa, baba alisema, mchezaji alitoka uwanjani kama amebeba blanketi lililolowa. Iliyofuata ilikuwa ya nailoni, inang'aa, nayo iliwawasha wachezaji shingo mpaka wakaikata kola kwa makasi. Kisha ikaja yenye mistari myeusi na kijani mikononi, ambayo namba yake haikushonwa bali ilibandikwa kwa joto, ikapasukapasuka kama tope lililokauka. Baada ya hapo zikawa nyepesi, nyekundu yake imeelekea rangi ya nyanya. Baba alipostaafu nikawa mimi ninayemnunulia kila jezi mpya ikitoka, na kila mara aliigeuza ndani nje kabla ya kutazama mbele. Alikuwa anatafuta mshono.

Mwaka huo wa simu ya mwalimu, timu ilikuwa inacheza mashindano nyumbani, na mjini Nyeri kila mtu alikuwa anavaa nyekundu, hata makanika na akina mama wa soko. Ndipo yule mwalimu wa historia akaomba sanduku la baba, ili wanafunzi wake waonyeshe historia ya jezi ya nyumbani katika ukumbi wa kanisa. Baba alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia, nani atajua?

Mambo yalitokea nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa safarini na timu. Nilitaka akirudi akute jezi zake zimepigwa pasi, anisifu. Nikawasha pasi ya makaa, nikatandika ile ya kwanza juu ya meza, na nikiwa katikati ya kazi mbuzi akakata kamba akaingia kwenye sukuma wiki. Niliiacha pasi pale pale, nikakimbia. Niliporudi, moshi ulikuwa unatokea mlangoni. Chini ya nembo palikuwa na tundu la umbo la pasi, limepita mbele na nyuma, kando kidogo ya namba.

Mama hakunipiga. Alifunga mlango, akakaa kitini, akaitazama ile jezi kwa muda mrefu. Kesho yake alienda Karatina sokoni, akarudi na fulana kubwa ya mitumba, ya pamba nzito, nyekundu karibu sawa. Alikata kitambaa yeye, kwa kufuata ile iliyoungua. Mimi nikapewa wembe nifumue nembo, kola na namba.

Namba tatu ilikuwa imeshikwa na uzi mweusi. Ulishonwa kwa mkono, kwa hatua ndefu zilizopinda, unaonekana vibaya juu ya kitambaa cheupe cha namba. Nilidhani ni kazi mbaya tu ya mtu aliyekuwa na haraka. Nikautoa wote, nikaishona namba upya kwa uzi mweupe, hatua ndogondogo, safi. Mama aliuinua mshono wangu kwenye mwanga akasema, "Wewe utakuwa fundi." Masalio ya jezi akayatia motoni jikoni. Kisha akanishika mkono: "Hii tumeimaliza leo. Baba yako asisikie kamwe."

Miezi michache baadaye wageni walikuja, na baba akafungua sanduku. Alikuwa na hadithi aliyoipenda kuliko zote. Siku moja, wakiwa kwenye basi kuelekea uwanjani, namba ya beki wa kushoto ilibanduka, naye baba hakuwa na uzi mwingine ila mweusi. Akamshonea mgongoni hivyo hivyo, basi likiruka mashimo. Dakika za mwisho beki yule akauokoa mpira uliokuwa unavuka mstari wa goli.

"Na uzi ni huu hapa, tazameni," baba akasema, akaigeuza jezi.

Akaipeleka dirishani. Akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia tena.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. "Umeota wewe," akasema. "Uzi mweusi utoke wapi?"

Wageni wakacheka. Baba naye akacheka, akaikunja jezi akairudisha. Tangu siku hiyo alisimulia habari za jezi nyingine zote, lakini ile ya kwanza hakuisimulia tena. Na alipozeeka nikasikia jambo lililonichoma zaidi. Kila alipotaka kukumbuka kitu cha zamani alianza kwa kusema "labda". Labda tulikuwa Kisumu. Labda mvua ilinyesha. Mtu aliyekuwa na uhakika wa kila kifungo.

Mama alifariki akiwa ameibeba siri yake. Sasa mzee wa Kerugoya alikuwa anakuja.

Ijumaa nilifunga duka mapema nikaenda Gakindu. Nilimkuta baba sebuleni, ametandaza jezi juu ya viti kwa mfuatano wake, anaondoa nyuzinyuzi kwa vidole. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Maitu," akaniita. Ndiyo "mama" kwa Kikuyu; ananiita hivyo, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Umekuja vizuri. Hii kola unaona imekaa?"

"Baba, kaa chini kwanza."

"Nimekaa siku yote."

"Tafadhali. Niko na kitu cha kukuambia."

Alikaa. Nikasema upesi, kabla ulimi haujakataa: mbuzi, pasi, tundu. Kwamba hii iliyo mbele yake si ile. Kwamba nembo na kola na namba ni zenyewe, lakini kitambaa ni cha mitumba ya Karatina. Alinitazama bila kupepesa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, nikaona vidole vya mkono wa kulia vinasugua kitu kisichoonekana, kama mtu anayevuta uzi.

"Na mshono wa namba?" akauliza.

"Niliufumua mimi."

"Ulikuwa rangi gani?"

"Mweusi, Baba."

Alifumba macho. Nilingoja apige kelele, na ningeshukuru angepiga.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani kichwa changu kimeanza kuharibika. Nilikuwa na miaka arobaini na tano, Maitu. Nikaanza kujichunguza kama mgonjwa."

Akafungua macho.

"Mama yako alijua?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko Jumamosi yenyewe. Kaburi la mama liko pale pale shambani, unaliona kutoka dirisha la sebule. Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angenikanusha.

"Alinikatia kitambaa," nikasema.

Baba alisimama, akatoka nje. Nilimwona dirishani akipita katikati ya mibuni hadi kaburini. Alisimama pale na kofia kichwani, na mkono wake mmoja ulikuwa unapanda na kushuka. Alikuwa anamgombeza. Sauti haikunifikia, ila niliujua ule mkono.

Aliporudi hakuketi. "Kesho utasema mwenyewe, mbele yao. Mimi siwezi kusimama mbele ya huyo mtu na uongo mkononi."

"Baba, tunaweza kuiacha nyumbani. Tuseme imepotea."

"Huo tena ni uongo mwingine. Umechoka kushona uongo, ama bado?"

Jumamosi kaka yangu alitupeleka kwa gari lake. Baba alikaa mbele na sanduku magotini, akakataa kuliweka nyuma. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, na ukumbini wanafunzi walikuwa wamepanga meza ndefu na kutandika shuka nyeupe. Tuliziweka jezi kwa mfuatano. Ile ya kwanza niliilaza, nikaitandika mara tatu.

Mzee wa Kerugoya aliingia akishika fimbo. Alikuwa mtu wa magharibi, mrefu bado, polisi mstaafu aliyeoa huko Kerugoya akabaki. Alipomwona baba alisimama, wakatazamana. Kisha wakashikana mikono kwa mikono yote miwili.

"Iko wapi?" mzee akauliza.

Watu walikuwa wamejaa, wanafunzi na wazazi wao na walimu. Mwalimu wa historia alikuwa tayari ameinua simu apige picha. Baba alinitazama mara moja tu.

"Mzee," nikasema, na sauti ikatoka ndogo. "Kabla hujaishika, kuna jambo."

Nikasimulia yote. Nilimsikia mwalimu akivuta pumzi. Nilisema kwamba kosa ni langu, nami nikasema pia kwamba mama alinisaidia, kwa sababu baba alikuwa amesimama pale. Nilipomaliza, nilisikia shuka ya meza ikipeperushwa na upepo wa mlangoni.

Mzee aliomba kiti. Alikaa, akaiweka fimbo sakafuni.

"Nimetoka Kerugoya alfajiri," akasema. "Mke wangu aliniuliza, unaenda kufanya nini na goti hilo? Nikamwambia, naenda kuona kama niliwahi kuwa mtu." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nilimpa. Aliipapasa kifuani, akasema pamba si yenyewe, ile yao ilikuwa nzito zaidi. Akaigeuza. Akaweka kiganja kizima juu ya namba tatu, akakaa hivyo. Kisha akainua kichwa, si kwangu, bali kwa baba.

"Uzi wako ulikuwa mweusi," akasema. "Sivyo?"

Baba akasogea karibu na kiti.

"Ndani ya basi," mzee akaendelea. "Ukanidunga na sindano hapa chini ya bega. Nikakutukana kwa lugha yetu, ukanijibu kwa yenu. Umesahau?"

"Sijasahau," baba akasema. Akarudia kwa nguvu zaidi, akiwageukia watu: "Sijasahau! Ulikuwa mweusi. Sikuwa na mwingine."

Akavua kofia. Kisha akaisimulia ile hadithi tangu mwanzo, basi na mashimo na dakika ya mwisho, na mzee akimsahihisha hapa na pale kuhusu mguu aliouokoa nao mpira. Hakusema labda hata mara moja. Akatoka hapo akaenda jezi ya pili, ya tatu, akawaonyesha wanafunzi pale ambapo mshono uliacha kazi gundi ikaanza, na kwa nini nyekundu ya leo si nyekundu ya jana. Mwalimu aliandika kikaratasi kipya cha jezi ya kwanza: nembo, kola na namba ni za asili, kitambaa kilibadilishwa na mke na binti wa mtunza jezi. Baba alikisoma, akasema kiachwe.

Nilidhani mambo yameisha. Nyumbani baba alishuka garini bila kuniaga. Kwa zaidi ya mwezi hakupokea simu yangu. Habari zake nilizipata kwa kaka yangu. Ana afya. Anaongea na mzee wa Kerugoya kila timu ikicheza. Ameniulizia? nikamwuliza. Hapana, hajakuulizia.

Kisha siku moja ya soko, mchana, alitokea dukani kwangu. Alivuta kiti cha wateja, akakaa kando ya cherehani. Niliendelea kushona kwa sababu sikujua la kufanya. Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja wa sweta aliponiuliza.

"Siku ile akikata kitambaa, mama yako alisema nini?"

"Alisema mambo mengi."

"Kunihusu mimi."

Nilitoa mguu kwenye kanyagio. Nilikuwa nimechoka kumchagulia baba yangu yale anayofaa kujua.

"Alisema, huyu mtu anapenda hizi jezi kutushinda sisi. Alisema ukiambiwa imeungua, utalia, na sisi tukiugua hulii."

Alitazama nje barabarani, akatazama sana. Mteja akaingia, akaona nyuso zetu, akasema atarudi.

"Haikuwa kweli," baba akasema mwishowe.

"Ndiyo, Baba."

"Lakini kutoka pale alipokuwa amesimama," akasema, "ilionekana hivyo. Mimi sikuwa nyumbani."

Hakuondoka. Aliokota mkono wa pili wa sweta mezani, akaugeuza ndani nje, akautazama mshono wangu kwa makini, kisha akanipa niendelee.